Kumi na Moja kwa Ishirini

Siku Salvatory alipokuja kuaga, tulikuwa wanawake watatu tumeizunguka pamba uani: mimi, wifi yangu Milembe, na binti yake Kabula. Tulikuwa tunachambua. Safi huku, fifi kule. Safi ni ile nyeupe isiyo na doa. Fifi ni ile iliyonyeshewa au kuguswa na wadudu, ikageuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Mwaka ule kazi hiyo ilikuwa imeanza kuonekana ya kijinga, maana wanunuzi wapya waliokuja na malori yao walibeba vyote pamoja bila kutazama. Lakini Milembe alifundishwa kuchambua na mama yake, na kumwambia aache ilikuwa sawa na kumwambia asinawe mikono.

“Bundala hatazami,” nilimwambia, nikimchokoza. “Ukimjazia gunia manyoya ya kuku, atalipandisha kwenye lori.”

“Wifi, acha hizo. Huyo ni mkwe wetu mtarajiwa.”

“Ndiyo maana nasema hatazami.”

Kabula hakucheka. Siku nyingine angecheka mpaka kitambaa kimdondoke kichwani. Siku hiyo aliinamia fungu lake la pamba kama mtu anayetafuta sindano.

Bundala alikuwa mmoja wa hao wanunuzi wapya. Kijana wa Shishiyu, mwenye lori na miwani ya jua. Alikuwa amemwona Kabula mara mbili, na mara zote mbili yeye alikuwa juu ya lori na Kabula alikuwa chini na gunia. Mara ya tatu alituma washenga. Mdogo wangu Maduhu, baba yake Kabula, aliwakaribisha vizuri, akawapa viti vyenye migongo, akawaambia binti ni wake ila mdomo ni wa binti. Kabula akapiga magoti akasema, “Baba, naomba mpaka Jumapili. Baada ya misa nitajibu.” Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumamosi.

Sasa lazima niseme Salvatory alikuwa nani, na alikuwaje wetu bila kuwa wetu.

Alikuwa mtoto wa Apolonia, mjane wa pale jirani, ng'ambo ya korongo. Alikuwa seminari kuu, amemaliza falsafa, amebakiza teolojia na kuwekewa mikono. Likizo ile ndefu, paroko wa Bariadi alimpa ukumbi awafundishe wanafunzi wanaorudia mtihani wa kidato cha sita. Kabula alikuwa mmoja wao. Mtihani wa kwanza ulimwendea vibaya kwa sababu ya malaria, na baba yake alikuwa amekubali arudie mara moja tu.

Kila wiki walikuwa na mada. Mtu ni nani. Uhuru ni nini. Je, mhusika mkuu wa hadithi lazima awe mwema? Mimi nimesoma darasa la nne, lile la nne la zamani lenye fimbo, na Kabula alikuwa akinisomea mada zake jioni tukipepeta mtama. Aliposoma “Mtu ni nani,” nilimwambia aandike kwamba mtu ni yule anayekula ugali akalala, apewe alama zake ishirini arudi nyumbani. Hakuandika. Aliandika kurasa sita.

Halafu baba yake akasikia maneno ya watu, akamkataza kwenda mjini. Kuanzia hapo daftari lilikuwa likisafiri na mimi. Nilikuwa katibu wa jumuiya ya kanisa, kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kwenda parokia, na hakuna mtu anayempekua katibu. Nililipeleka daftari, nikalirudisha. Mwanzoni niliamini ni masomo. Lakini sijawahi kuona mwalimu anayelipokea daftari la mwanafunzi kwa mikono miwili, akalishika kidogo kabla ya kulifungua, kama mkate.

*

“Hodi hapa.”

Alikuja na baiskeli ya paroko, shati jeupe, vumbi la Migato mpaka magotini. Milembe aliinuka, akapangusa mikono kwenye kanga.

“Mwadila, mayu,” Salvatory alimsalimu kama mama yake.

“Mwadila, ng'wanone. Karibu.”

Akampa mkono. Aliushika wa Milembe kwa mikono yake yote miwili, akamtazama usoni, akatabasamu, akamwambia pamba imependeza. Milembe naye akamtazama usoni, akafurahi. Mimi niliitazama ile mikono mitatu imeshikana, nikamtazama Kabula, na Kabula akaitazama fifi yake.

Maana kwetu mkwilima, yaani mkwe wa kiume, hamshiki mkono mama mkwe wake. Hamtazami machoni. Akikutana naye njiani anatoka nje ya njia, anaingia porini hata kama pori ni la miiba, anageuza uso, anasimama mpaka mama apite. Na mama, akimtambua kuwa ni mkwe, anajifunika kanga na kutoka upande wa pili. Asipomtambua anapita wima, katikati ya njia, na hapo kijana ajue hana mke katika nyumba ile. Huyu huyu Maduhu mdogo wangu, enzi za uchumba wake, aliingia shamba la mtama kumpisha mama yake Milembe, na yule bibi naye, Mungu amrehemu, akakaa njiani kupumzika na mzigo wake wa kuni. Maduhu alisimama mle kutwa nzima. Aliporudi nyumbani jioni, ndege walikuwa wameshamzoea.

Kwa hiyo kijana anayemshika Milembe mkono mchana kweupe na kumtazama machoni, amesema wazi bila kusema: mimi hapa ni mgeni, sikuja kuoa.

“Wifi, kaa nao,” Milembe aliniambia. “Nikamkaangie karanga, mtu wa Mungu asiondoke na mate matupu.”

Nikakaa nao. Nilijisogeza upande wa gunia, nikawapa mgongo nusu. Nusu nyingine ilikuwa na masikio.

“Nimekuletea daftari,” Salvatory alisema.

“Liweke hapo.”

“Hutaki kuona alama?”

Kabula alifuta vidole, akalifungua ukurasa wa mwisho. Mada ilikuwa: Ndoa ni ya wawili au ya ukoo? Chini kabisa, kwa wino mwekundu, palikuwa na duara, na ndani ya duara kumi na moja kwa ishirini. Pembeni: Hoja nzuri. Hitimisho halipo.

“Kumi na moja,” alisema.

“Hukumaliza, Kabula. Umeandika ‘Kwa hiyo mimi’, halafu ukaacha. Mtahini wa taifa hatakuhurumia.”

“Hukujua nilichotaka kuandika?”

Salvatory alichukua pamba moja, akaigeuzageuza.

“Mtu hasahihishi anachokijua,” alisema polepole. “Anasahihisha kilichoandikwa.”

“Vizuri. Na mimi nimesahihisha kilichoandikwa.”

Akaingiza mkono kwenye upindo wa kanga, akatoa barua. Niliitambua. Kurasa nne, niliileta mwenyewe siku ya Jumatano ndani ya boga, nikampita nayo Maduhu mlangoni akaniuliza boga hilo mbona limekatwa, nikamwambia nilikuwa nalipima kama limeiva. Sasa kurasa zile zilikuwa na mistari myekundu kutoka juu hadi chini.

“Umepata wapi kalamu nyekundu?” Salvatory aliuliza. Alijaribu kutabasamu.

“Ya senge, shangazi huyu hapa. Ya jumuiya.”

Hapo nikakohoa. Kalamu ile ilikuwa ya kuandikia majina ya wasiohudhuria.

Kabula akasoma, sauti ya chini, kama anasoma orodha ya mazishi.

“Ukurasa wa kwanza, unaeleza upendo ni nini. Nimekuwekea vema. Ukurasa wa pili, unaeleza upendo sio nini. Vema. Wa tatu ni mama yako. Hapo nililia, nikakuwekea vema mbili. Ukurasa wa nne unaniuliza kama naamini mtu mmoja anaweza kuitwa na sauti mbili. Halafu unasema Mungu akubariki, wako katika Kristo, Salvatory.” Akaikunja. “Kumi na moja kwa ishirini. Hitimisho halipo.”

Kuku alipita juu ya safi na hakuna aliyemfukuza.

“Kuna mambo hayamaliziki kwa sentensi moja,” Salvatory alisema.

“Bundala alimaliza kwa sentensi moja. Alisema, namtaka yule.”

“Unanilinganisha na Bundala?”

“Simpendi Bundala. Hata sauti yake siijui, nimeisikia ikiagiza magunia. Lakini najua anachotaka. Wewe nimekusoma miezi miwili, mstari kwa mstari, mpaka herufi zako nazijua ulizoandika umechoka na ulizoandika umekula. Na sijui unataka nini.”

“Unajua.”

“Sijui! Najua unachofikiri. Unachofikiri nakijua chote.”

Salvatory alimtazama. Nilishaona watu wakitazamana katika maisha yangu, na mimi mwenyewe nilitazamwa, msinione hivi. Lakini kutazamana kule kulikuwa kuzito, kila mmoja kama amembeba mwenzake na hajui pa kumtua. Kabula hakuinamisha macho. Aliyeinamisha ni Salvatory.

“Nilikuwa na miaka miwili,” alisema. “Surua. Unajua hadithi hii, kila mtu wa hapa anaijua. Mama alinibeba mgongoni kwa miguu mpaka Bariadi, mvua ya masika, mito imejaa. Pale zahanati wakamwambia mama, rudi naye tu nyumbani. Hakurudi. Aliingia kanisani, akanilaza chini mbele ya altare, kwenye sakafu, akasema, ukimwacha hai ni wako. Hakusema neno lingine. Asubuhi nikaomba uji.” Akaiweka chini ile pamba aliyoishika. “Kila mwaka siku hiyo hali, hanywi. Mimi namwona, Kabula. Tangu nina akili namwona. Mimi ni mzima kwa sababu ya neno lake. Nilivunjeje?”

Kabula alipojibu, ugomvi ulikuwa umemtoka sautini, na hapo ndipo nilipoogopa.

“Sijakuambia ulivunje. Wala sitakuambia. Mimi siwezi kushindana na mwanamke aliyevuka mito ile.” Aliweka mkono juu ya pamba, si juu ya mkono wake, karibu nao tu. “Nakuomba kitu kidogo. Kama unakwenda, niambie Kabula nakwenda, nikuage kama dada anavyomuaga kaka, nilie siku tatu yaishe. Kama unabaki, niambie nabaki. Lakini usipande basi ukaniacha hapa na karatasi nne.”

“Kabula...”

“Siku ya kwanza kabisa ukumbini, ulituambia mtu ni nani. Ulisema mtu ni yule anayeweza kuchagua. Ukaandika ubaoni, ukapiga mstari chini yake mara mbili mpaka chaki ikakatika. Unakumbuka?”

“Nakumbuka.”

“Basi hata mbuzi wa baba wanajua kuchagua kukushinda.”

Ningecheka. Siku nyingine ningecheka. Lakini nilimwona Salvatory anafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi, na hakuna kilichotoka. Kijana aliyekuwa anaweza kueleza uhuru kwa saa mbili bila kunywa maji.

Milembe akatokea na sahani ya karanga.

Salvatory alikula tatu. Nilizihesabu. Akainuka, akasema basi la Mwanza ni kesho saa sita, lile linalopita Lamadi na Nyashimo, akashukuru, wabeja mayu, akamshika tena mkono na kumtazama machoni. Mimi akaniambia, “Shangazi, nashukuru kwa safari zote.” Kabula hakumwambia kitu. Akaipanda baiskeli ya paroko na kuondoka, na mgongo wa shati lake ulikuwa umelowa kama wa mtu aliyetoka kulima.

Kabula akarudi kwenye pamba. Mikono yake ilienda haraka, haraka sana. Baada ya muda Milembe akamshika kiganja.

“Unachanganya, mwanangu,” alisema. “Tazama. Umechanganya zote.”

*

Milembe hakuwa mjinga. Binti alipokwenda kuchota maji, aliniuliza bila kunitazama.

“Wifi, umejua tangu lini?”

“Tangu lini nini?”

“Nyanjige!” Aliponiita kwa jina nilijua hakuna utani tena.

“Tangu mada ya tatu.”

Alikaa chini taratibu, kama anakalia yai.

“Nimezaa sita,” alisema. “Wewe uliwapokea. Nimebaki na huyu. Halafu nimchukue mtoto aliyewekwa mbele ya altare, niseme ni mkwe wangu? Hicho kitu kimekwisha kutolewa, wifi. Ukikichukua umekiiba. Na Mungu akija kudai chake, atapitia mlango gani? Si huu wa kwangu?”

“Labda hatadai.”

“Wewe umezoea kucheza. Mimi nimezika watano.”

Nilimfikiria Mayala. Sijamtaja huyu popote, nitamtaja hapa mara moja. Alikuwa katekista, mtaratibu, na alinipenda kwa kesho. Kesho nitakuja kwenu. Kesho nitasema na baba. Nilisubiri kesho yake miaka minne, nikaolewa Nyashimo na mwanamume aliyesema leo. Alikuwa mtu mwema, nimemzika mwenyewe nikarudi hapa kwetu, sina la kumlaumu. Lakini kuna vyungu nilipika miaka ishirini huku namfikiria mtu ambaye hata mara moja hakutoka nje ya njia kwa ajili ya mama yangu.

Jioni Maduhu aliuliza, “Mtoto amesemaje?”

“Amesema kesho,” nilimjibu, na neno lenyewe likaniuma meno.

*

Jumapili misa ilijaa. Salvatory alisoma somo la kwanza, kama kawaida yake, na alisoma vibaya. Aliruka mstari, akarudi, akaruka tena. Kabula hakuja. Alibaki nyumbani kumsaidia baba yake kupanga viti vya washenga, vile vyenye migongo.

Misa ilipokwisha, watu wakatoka kusalimiana, lakini Apolonia hakutoka. Nilimwona kupitia mlangoni, benchi la mbele, amepiga magoti peke yake, rozari imening'inia mkononi na haisogei. Nikadhani anamwombea mwanawe safari. Nikamwacha.

Tukaanza kurudi, wanawake kama kumi hivi, kwa ile njia nyembamba inayokata mashamba. Njia ile ni moja. Ukitoka kanisani inapita karibu na kwetu, kisha inashuka mpaka barabarani basi linaposimama. Upande mmoja palikuwa na pamba iliyokwisha kuchumwa, miti mitupu. Upande wa pili vichaka vya miiba, ile mirefu myeupe inayotoboa hata kandambili. Milembe alitangulia. Mimi nilikuwa wa pili, nikimsimulia Generoza, mke wa mwenyekiti wa jumuiya, jinsi nilivyomwandika kwa wino mwekundu Jumapili tatu.

Salvatory alikuwa anakuja kutoka upande wa kwao, kwa kijia kinachoingia kwenye njia yetu pale mbele. Alibeba sanduku lake la bati, lile la seminari lenye jina lake kwa rangi nyeupe. Peke yake. Hakuna mtu aliyemsindikiza, hata mama yake. Akaingia njiani, akainua macho, akatuona.

Alikuwa hatua kama ishirini hivi. Milembe alisimama. Nilimwona anavyojiandaa, kama mtu mzima anavyojiandaa kumuaga mtoto wa jirani: alihamishia kitabu chake, Chuo cha Sala, mkono wa kushoto ili wa kulia uwe tayari kumpa.

Salvatory aliutazama ule mkono.

Sijui mtu anafikiri nini wakati kama ule. Miaka mitatu ya falsafa, na zile mada zote, na mama yake na mito yake. Halafu aliliweka sanduku chini, katikati ya njia, taratibu, kama kuna mtoto amelala ndani. Akageuka. Akaingia kwenye miiba.

Hakuchagua upande wa pamba, ambako kulikuwa wazi. Aliingia upande wa miiba, shati jeupe na suruali ya misa, na tukasikia nguo inachanika. Akaenda hatua tano, sita, akasimama. Akatupa mgongo. Akainamisha kichwa, akaweka mikono mbele, na hakusogea tena.

Generoza alinishika bega. “Yesu wangu,” alisema. “Yule si Frateri?”

Hakuna aliyemjibu. Wanawake kumi, na kila mmoja pale alijua maana yake, kuanzia bibi mwenye fimbo mpaka msichana aliyebeba mtoto. Hapo ndipo nikamwelewa Apolonia na rozari yake isiyosogea. Alikuwa ameshaambiwa. Baadaye sana nilikuja kujua Salvatory alimwambia alfajiri, kabla ya misa, kwamba upadri hatauendea tena, na mama yake hakumlaani wala hakumbariki, alisema tu, “Chukua sanduku lako, uniache nizungumze na mwenyewe niliyemwahidi.”

Lakini wakati ule sote tulikuwa hatumtazami tena Salvatory. Tulikuwa tunamtazama Milembe.

Alikuwa amesimama katikati ya njia na mkono wake wa kulia bado umenyooka kidogo, mkono ambao hauna wa kuupokea. Akiendelea kutembea, yameisha. Ni hatua ishirini tu. Angelipita sanduku, angempita kijana, angefika nyumbani kwa washenga wa Bundala, na hakuna mtu ambaye angemlaumu, maana alikuwa na makaburi matano ya kumtetea.

“Wifi,” nilimnong'oneza.

“Nyamaza.”

Nikanyamaza.

Alitazama mgongo ule. Shati lilikuwa limechanika begani, na damu ilikuwa imeanza kutoka kidogo, mstari mwembamba mwekundu juu ya nguo nyeupe. Milembe aliutazama ule mstari kwa muda mrefu kuliko misa nzima. Midomo yake ilikuwa inasogea. Sikusikia alichosema na sijawahi kumuuliza; nadhani alikuwa anamwambia mtu yule yule ambaye Apolonia alikuwa anazungumza naye.

Kisha akauteremsha mkono. Akachukua pindo la kanga yake, akalivuta juu, likamfunika kichwa, likamfunika paji, likamfunika macho. Na akatoka nje ya njia, upande wa pamba, akipapasa kwa miguu kwa sababu haoni, akaenda hatua tano, sita, akasimama kati ya miti mitupu, mgongo kwa mgongo na mkwilima wake.

Njia ikabaki tupu. Sanduku peke yake katikati. Chini huko barabarani basi lilipiga honi, mara ya kwanza, mara ya pili.

Hakuna aliyesogea. Na hapo nikaona tatizo ambalo wale wawili hawakulifikiria: yeye hawezi kurudi njiani mpaka mama apite, na mama hawezi kupita mpaka yeye aondoke, na kwa heshima waliyokuwa nayo wangesimama pale mpaka ndege wawazoee. Kwa hiyo nikafanya kilichobaki. Nikamkabidhi Generoza Chuo changu cha Sala, nikaenda mpaka kwenye sanduku, nikaliinua. Lilikuwa zito, limejaa vitabu. Nikajitwika.

“Shangazi,” Salvatory alisema kutoka miibani, bila kugeuka. “Basi liko upande wa chini.”

“Najua lilipo,” nilisema. “Nimeolewa kwa basi hilo.”

Nikapita katikati yao, polepole, na nikapita mahali ambapo njia ya kushuka barabarani inaachana na ya kwetu, na sikushuka.

Uani kwetu washenga walikuwa wameshakaa kwenye viti vyenye migongo. Maduhu alikuwa anawamiminia togwa. Kabula alikuwa amepiga magoti pembeni, kitambaa safi kichwani, macho chini, tayari kujibu. Niliingia na kivuli changu kikatangulia, kivuli cha mwanamke mwenye kichwa cha mraba.

“Dada,” Maduhu alisema, kibuyu kimesimama hewani. “Sanduku la nani hilo?”

Sikumjibu, maana hakuwa yeye aliyetakiwa kujua kwanza.

Kabula aliinua macho. Alisoma lile jina jeupe ubavuni mwa bati, herufi kwa herufi, zile herufi alizozijua zilizoandikwa kwa uchovu na zilizoandikwa kwa shibe. Akainuka. Alikuja moja kwa moja mbele yangu, mbele ya baba yake na washenga wote, akanyoosha mikono, akanitua mzigo wangu. Akaubeba kifuani, akageuka, akauingiza ndani.